Hotuba Yangu ya Kuzindua Ofisi ya Mafundi Kufuli Wenye Leseni na Bei ya Haki

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye ni shemeji yangu. Mheshimiwa Katibu wa Kamati hiyo, ambaye ni mke wa shemeji yangu. Waheshimiwa wapangaji, na waheshimiwa zaidi wenye nyumba. Waheshimiwa mafundi kufuli, ambao hamjapata leseni na kwa hiyo kisheria hampo hapa. Mabibi na mabwana, na yule bwana aliyekalia spika, hebu inuka, unanibania sauti: hamjambo? (Hatujambo.) Sijasikia. Hamjambo? (Hatujambo! Sauti moja: "Tumesikia, endelea, jua kali!")

Nimesimama mbele ya mlango huu mpya, uliopakwa rangi ya bluu jana, kwa hiyo tafadhali msiuegemee, mlango wa Ofisi Kuu ya Leseni za Mafundi Kufuli, Vitasa, Komeo na Vitu Vyote Vinavyofungika, mimi nikiwa Mkurugenzi wake wa Muda kwa mwaka wa sita sasa, ili niwatangazie rasmi kwamba enzi za mwananchi kusimama nje ya nyumba yake mwenyewe na mifuko ya nyanya mkononi, kama mgeni aliyekosea namba, zimekwisha, zimezikwa, na mimi ndiye niliyeshika koleo. (Makofi. Mama mshonaji wa duka la ng'ambo ya barabara ananyoosha mkono.) Maswali baadaye, mama.

Utafiti wetu wa kina, uliofuata fremuweki shirikishi na data za kisayansi nilizozikusanya mimi binafsi nikiwa nimekaa kwa kinyozi, unaonyesha kwamba asilimia sitini na mbili ya wakazi wa jiji hili wamewahi kufungiwa nje, asilimia hamsini na tano wamewahi kufungiwa ndani, na waliobaki hawakutufungulia mlango. (Kicheko.) Msicheke, hizo ni takwimu. Na hao waliofungiwa nje walifanya nini? Walipiga namba iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme, wakaambiwa kwa sauti tamu bei ya soda mbili, kisha fundi akafika, akakitazama kitasa, akavuta pumzi kama daktari aliyeona picha ya mapafu, akasema, "Hiki ni cha kompyuta," akakitoboa kwa drili, na bei ikapanda mpaka bei ya ng'ombe mwenye ndama, wakati mlango wenyewe haukuwa umefungwa, ulitaka kusukumwa tu! (Sauti ya mwanamke: "Ni kweli kabisa, mimi huyo!") Pole sana, dada. Kuanzia leo, kabla fundi hajafungua mkoba wake, mwombe leseni, mwombe bei kwa maandishi, na akimaliza mdai risiti. Mambo hayo matatu nimeyabuni mimi nikiwa usingizini, na nilipoamka nilikuta nimeshayapiga chapa.

Maana mimi sijaletwa kwenye cheo hiki na upepo. Shule niliiacha mapema kwa sababu walimu walikuwa wananichelewesha, lakini makufuli nayajua. Nikiwa na miaka kumi na tisa, kufuli la ghala la saruji lilikwama, kufuli kubwa kama kichwa cha ndama, likawashinda mafundi saba, mmoja akalia hadharani. Nikasogea. Sikuligusa. Nilikohoa mara moja tu, likafunguka, na la ghala la jirani likafunguka, na mkanda wa mlinzi ukafunguka. (Kicheko kirefu. Mama mshonaji amesimama.) Naam, mama, naona huwezi kusubiri. Sema, lakini kwa kifupi, ufupi ni sera yetu.

(Mama mshonaji: "Mheshimiwa, kufuli la duka langu limekwama tangu asubuhi. Gauni la bibi harusi limo ndani, na ndoa ni saa tisa. Sasa hivi saa nane kasoro. Jirani yangu Mzee Waya ananifungulia kwa dakika mbili, lakini tangu Jumatatu umetoa katazo kwamba fundi asiye na leseni akigusa kufuli la mtu ananyang'anywa vifaa.") Nimelitoa, na nikalisaini kwa wino wa kijani. (Bibi harusi, nywele zimeshatengenezwa, miguuni kandambili: "Baba, nitaolewa na nguo hii ya kudekia?") Mwanangu, uzuri wa bibi harusi ni uso. (Bibi harusi: "Mwambie hivyo mama mkwe wangu!") (Kicheko.)

Tulieni. Mzee Waya, simama watu wakuone. Huyu mzee amefungua makufuli ya mtaa huu miaka thelathini, bei yake inajulikana, hajawahi kumtobolea mtu kitasa bure, ndiyo maana hasa serikali inataka kumhakiki. Mzee, kwa nini huna leseni? (Mzee Waya: "Leseni mpaka nijaze fomu. Fomu zimo ofisini. Ofisi imefungwa.") Mnaona? Huo ndio utaratibu, unajizungusha wenyewe kama feni! Nikimaliza hotuba nitakata utepe, mlango utafunguka, mzee ataingia, atajaza fomu yenye kurasa kumi na nne, ataleta picha sita, mbili za ubavuni, na barua ya udhamini kutoka kwa fundi mwingine mwenye leseni. (Mzee Waya: "Yupo?") Nani? (Mzee Waya: "Huyo mwenye leseni.") Swali zuri sana. Huyo yuko kwenye Feezi ya Pili, yaani awamu ijayo. (Mama mshonaji: "Mheshimiwa, saa nane hiyo!") Nimebakiza kurasa kumi na moja, mama, lakini kwa huruma yangu, ambayo imewahi kuandikwa gazetini, naziruka zote. Shemeji, lete ufunguo.

(Mwenyekiti analeta ufunguo wa mbao uliopakwa rangi ya dhahabu, urefu wake kama mkono wa mtu mzima.) Tazameni kazi hiyo! Sasa nakata utepe, nao ufunguo naupeleka hapa, naugeuza hivi, nauinamisha... (Kicheko.) Shemeji, ule mdogo uko wapi? (Mwenyekiti: "Mdogo upi? Uliniambia nichongeshe mmoja.") Hakuna tatizo. Kwa mamlaka niliyopewa, nampa Mzee Waya kibali cha mdomo cha dakika tano. Mzee, fungua. (Shangwe. Mzee Waya anapiga magoti mlangoni na waya wake.)

Wakati anafanya kazi, tuseme pamoja: Kufuli salama! (Jiji salama!) Fundi mwenye leseni! (Kazi yenye risiti!) Bei ya haki! (Bibi harusi: "Gauni langu!") Nami nichukue nafasi hii kutoa shukrani. Namshukuru shemeji yangu kwa viti. Namshukuru mkewe kwa utepe. Namshukuru kwa namna ya pekee seremala aliyeugandisha mlango huu ukutani kwa misumari minane bila hata kubomoa tofali moja, jambo lililotuepushia gharama zote za kujenga chumba...

(Mzee Waya: "Ndiyo maana waya wangu unagota. Nilidhani kitasa kimeingia kutu. Jamani, nyuma ya hapa ni tofali tupu.")

Mwelewe vizuri, hiyo ni Feezi ya Kwanza! Katika kila nchi iliyoendelea, mlango hutangulia. Chumba ni implementesheni. (Mama mshonaji: "Kwa hiyo fomu?") Fomu zitachapwa chumba kikipatikana. (Mama mshonaji: "Na wakaguzi wa leseni?") Mama, mimi na shemeji ndio ofisi nzima, na shemeji ni wa jioni tu. (Mama mshonaji: "Kumbe! Hakuna ofisi, hakuna leseni. Hakuna leseni, hilo katazo lako linamkataza nani? Mzee Waya, okota mkoba, twende zetu!") Mama, katazo lipo, nililiandika mwenyewe! Mzee, kibali chako kimebakiza dakika mbili! (Mzee Waya: "Zinanitosha, mheshimiwa.")

(Wanavuka barabara. Bibi harusi anakimbia mbele, kandambili moja mkononi. Wasikilizaji wote wanawafuata, na Mwenyekiti, na Katibu akiwa na kiti chake.)

Naona wananchi wameanza kujigawa katika vikundi kazi, jambo la kutia moyo sana. Basi niwashukuru ninyi mliobaki, yaani viti, kwa usikivu na nidhamu. Niwashukuru wahisani wetu, ambao tutawaandikia barua wakipatikana. Niishukuru na kamati iliyopitisha mradi huu katika kikao ambacho, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu, hakikukaa, na hivyo mradi haukupata mtu hata mmoja wa kuupinga.

(Ng'ambo ya barabara kufuli linalia "ta!" Vigelegele, vifijo, makofi mazito. Gauni jeupe linapita juu ya vichwa vya watu.)

Asanteni. Asanteni sana kwa makofi hayo. Kaeni tu, kaeni, msisimame kwa ajili yangu.