Nguzo Niliyoipa Miaka Ishirini

Ndugu zangu wa bandarini Kalundu, leo uso wangu sijui niuweke wapi. Nawaandikia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana Luberizi nzima, huku niliko kazini, inacheka.

Mnajua kazi niliyopewa tangu barabara ilipofunguliwa. Waasi walikata nyaya za simu, sasa zinavutwa upya hadi Bukavu, na mimi ndiye ninayekagua nguzo za zamani, zile za miti zilizosimikwa kabla ya uhuru. Kila nguzo naikadiria imebakiza miaka mingapi, kisha naiandika kwa chaki. Ikiwa mitatu, ibadilishwe. Ikiwa kumi, iachwe. Watu wakaanza kuniita daktari wa miti. (Nilikuwa nalipenda jina hilo.)

Mnajua pia kwamba Nyota, mke wangu, alikimbilia kwa dada yake Bukavu vita vilipoingia kwetu Uvira. Miezi minane sijasikia sauti yake. Barua mbili zilinifikia, fupi, na hakuna hata moja iliyosema atarudi lini. Nimemkosa, jamani. Mpaka leo nalala upande mmoja wa kitanda kana kwamba yupo. (Msimwambie mtu.)

Basi juzi shefu wangu, mkubwa wa kazi, akanihurumia. Alisema laini ikikamilika leo asubuhi, mazungumzo ya kwanza ya majaribio yatakuwa yangu. Akaagiza kwa dereva wa lori Nyota afike posta ya Bukavu saa nne kamili.

Alfajiri nilikuwa nimebakiza nguzo tisa. Kanuni ni kuchimba mguu wa nguzo mpaka kina cha mkono, halafu kuuchoma kwa chuma chenye ncha, kwa sababu mti huoza pale unapokutana na udongo. Huku juu unabaki mzuri. Nane za kwanza nilizichimba. Kufika ya tisa, ukingoni mwa shamba la mpunga, jua lilishapanda. Nikaigonga kwa nyundo usawa wa kifua. Ikalia vizuri. Nikaandika: miaka 20. (Ishirini! Hata mimi mwenyewe sijajipa ishirini.)

Shefu akataka kunishushia waya nizungumze nikiwa chini. Nikakataa. Chini kulikuwa na yeye, wachungaji wawili wa ng'ombe na wanawake wa mpunga, na maneno ya mke wangu sikutaka kugawana na mtu. Nikavaa vyuma vya kupandia, nikajifunga mkanda kwenye nguzo, nikapanda na simu ya majaribio mpaka juu, nikaiunga.

"Allo? Ni weye?"

Nikamjibu ni minye, mume wake. Nikamsikia akipumua. Kisha akasema, "Minye nimefikiri sana mambo ya kurudia nyumbani. Na nimeona..."

Hapo nikaegemea nyuma kwenye mkanda ili nimsikie vizuri. Mguuni nguzo ikalia kraa. Haikuanguka kwa haraka, hapana. Nyaya ziliishika, ikainama taratibu kama mzee anayetafuta kiti, nami nimeikumbatia, watu wote wakitazama. Halafu nyaya zikakatika. Tukaingia matopeni, mimi na nguzo, bado tumefungwa pamoja.

Na mimi nikaendelea kusema allo. Mara nne.

Shefu akaja, suruali ameikunja. Akaipangusa nguzo, akaisoma chaki yangu kwa sauti ili kila mtu asikie. Akatazama pale ilipovunjika: mchwa walikuwa wamekula ndani yote, wakabakiza ganda.

"Miaka makumi mbili," akasema. "Imeisha saa ngapi?"

Mwanamke mmoja alicheka mpaka akakaa kwenye maji ya mpunga. Hata wachungaji, watu wa kanisa wale, walijificha nyuma ya ng'ombe wao.

Kicheko nakikubali, nimekitafuta mwenyewe. Kinachoniuma ni kwamba sijui Nyota aliona nini. Aliona arudi, au aliona abaki? Matengenezo yatachukua wiki mbili, wanasema, na mimi nimekatazwa kukadiria chochote.

Ninyi ndio mnaopakia malori ya Bukavu. Chekeni mmalize, halafu mpeni dereva mmoja ujumbe wa kumfikishia Nyota: sikumkatia simu. Nilianguka nayo.