Mawaridi ya Mama Mkwe

Jumamosi, 13 Septemba
Leo nimeanza rasmi. Mapambo ya harusi kwa taka za nyumbani! Chupa za maji, makopo ya maziwa, vitambaa vilivyochakaa. Shadya, mpambaji wa Kerege, ameniagiza mawaridi meupe kumi na mawili ya meza ya bi harusi. Abdulwahab, mshindani wangu, na mashada yake ya mifuko ya saruji kamtosa. Akome!

Kitambaa cheupe sina. Nikapekua stoo. Bahati iliyoje! Mfuko wa kijani wa mama mkwe, Bi Somoe, ndani bafta nyeupe imekunjwa, haijaguswa miaka. Na karafuu maiti, bila shaka za kufukuzia mende. Nimekata yote. Mawaridi yananukia marashi! Shadya kayafuata mwenyewe jioni.

Jumapili, 14
Mama mkwe ana homa. Ametuita, mimi na mke wangu Esha. Akasema siku yake ikifika tusihangaike, sanda imo kwenye mfuko wa kijani, stoo. Aliinunua mwenyewe Makka, akaiosha kwa Zamzam. Miaka kumi na minane anaitunza.

Nikakaa chini palepale. Esha akadhani ni huzuni, akaniletea maji.

Nimekata sanda ya mama mkwe! Lahaula! Akifa leo, wakafungua mfuko, nitauweka wapi uso wangu hapa Dunda?

Jumatatu, 15
Namuuguza tangu alfajiri. Uji, dafu, kumpepea. Akikohoa nakimbia. Akinyamaza naogopa zaidi. Mara tatu nimemwekea kioo puani. Ya tatu akafumbua macho, akauliza natafuta nini. Nikasema mbu.

Majirani wanasema Bi Somoe kapata mkwe. Wangejua! Ya Rabi, asife. Asife wiki hii.

Jumanne, 16
Nimepata akili. Ninunue bafta nyingine, niikunje vilevile, nirudishe. Zamzam nani ataionja?

Nikaenda dukani kwa Dinesh, nikaomba bafta ya sanda, karafuu maiti na marashi. Dinesh akavua miwani. Akanipa pole. Akauliza kama ni yule mama mgonjwa. Nilitaka kusema hapana, nikajikuta nalia mbele ya wateja. Akanifungia mzigo kwa heshima zote.

Nikazunguka uchochoroni nisionwe. Kufika nyumbani, mikeka imetandikwa! Wanaume wamevua viatu, wanawake kilio! Moyo ukanipasuka. Kafa, na sanda ninayo kwapani. Nikaangua kilio kuwashinda wote.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka Bi Somoe kwa miguu yake, akauliza nani kafa.

Mtu mmoja akasema habari imetoka dukani kwa Dinesh. Macho yote kwapani kwangu. Bi Somoe akauliza nimebeba nini. Nikasema zawadi yako, mama. Zawadi! Sanda kwa mgonjwa! Esha akajishika kichwa.

Balaa halijaisha. Shadya huyo, kwa bodaboda, na mawaridi yote. Bi harusi kagoma kukaa karibu nayo, shangazi yake kasema yananuka maiti. Mama mkwe akachukua moja. Akalinusa. Akalinusa tena. Akaniangalia. Sijawahi kuogopa kiumbe namna ile, wallahi nilitamani maiti niwe mimi.

Akasema neno moja tu, mbele ya watu. Hafi ng'o, mpaka niende Makka kwa miguu yangu nimletee nyingine.

Ijumaa, 19
Homa imekwisha. Bi Somoe anakula kuliko mimi. Mawaridi kayapanga kichwani pa kitanda, kila nikimpelekea uji ananihesabia moja moja mpaka kumi na mawili. Uji unamwagika. Esha hasemi nami. Nimeapa: cha mtu sigusi tena.

Baada ya sala ya Ijumaa nikapita nyuma ya msikiti. Jeneza la zamani lile, tangu lije jipya halitumiki. Mvule mtupu! Miguu minne imara. Ukilisimamisha, ukalipiga rangi, ni kabati la vyombo. Zawadi ya kumpoza Esha! Nimelipima kwa shubiri, mara mbili. Nani atalikumbuka?