Malalamiko Juu ya Bastola Ndogo Aliyopewa Mjukuu Wangu Rawan

Kwa Bwana Shakir,
Meneja, Klabu ya Kulenga Shabaha,
Dubai.

Bwana Shakir, mtu wa heshima zako,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima wewe na watu wako, na kwamba utaisoma ukiwa umekaa, kwa sababu ni ndefu na ina mambo mazito. Ningeweza kukuandikia kwa Kiarabu, lakini nimesikia wewe ni mtu wa Mombasa, na mimi hasira zangu zote ziko kwa Kiswahili.

Mimi ni Saleha binti Soud, mzaliwa wa Unguja, mkaazi wa Dubai tangu ujana wangu. Ndimi yule bibi anayekaa nyuma ya kioo kila Jumamosi, amevaa vile vifuniko vya masikio juu ya mtandio. Mjukuu wangu Rawan, mwenye miaka kumi na nne, anajifunza kwenu kupiga bastola. Baba yake, mwanangu Mohannad, kazi yake iko Jumeirah Lake Towers na hana Jumamosi. Mama yake ni nesi wa zamu. Kwa hiyo msimamizi wa mtoto pale klabuni, kwa sahihi niliyoitia kwa mkono wangu, ni mimi, na kwa cheo hicho nalalamika.

Ninayemlalamikia ni Kocha Harriet, yule dada wa Kiganda. Mashitaka yangu ni haya.

1. Alimwuliza mtoto.

Siku ya kuchagua bastola ya kuanzia, bastola zilipangwa juu ya meza, zote zimefunguliwa na kukaguliwa kuwa hazina kitu ndani. Bwana Shakir, mimi nimeichagulia familia hii masufuria, mazulia, makochi, na wake wa wanangu wawili, na hakuna kilichovunjika isipokuwa kochi moja. Nikaiona ile kubwa kuliko zote, inayong'aa kama fedha, yenye mpini wa mbao. Nikasema tunachukua ile. Kitu kizito ndicho kinachodumu, hilo nimelijua kwa masufuria.

Kocha Harriet akaniambia, "Mama, hiyo ni nzuri sana, lakini tuiache kwanza ipumzike." Kisha akamgeukia Rawan. "Wewe unataka ipi?"

Hapo lazima nikueleze kitu. Tangu tulipohama Deira kwenda Silicon Oasis na rafiki zake wakabaki kule, Rawan alikuwa hana analolitaka. Ukimwuliza atakula nini, anasema chochote. Atavaa nini, chochote. Atakwenda wapi siku ya mapumziko, popote. Kulenga shabaha ndiko kulikokuwa kitu cha kwanza alichokiomba kwa muda mrefu, na alikiomba mara moja tu, kwa sauti ndogo, tukiwa kwenye lifti. Nyumba nzima tulikwisha zoea kumchagulia, na tulikuwa tunachagua vizuri.

Basi akamjibu kocha, "Yoyote." Mimi nikafurahi, nikanyoosha kidole tena kwenye ile kubwa.

"Yoyote hatunayo hapa," Kocha Harriet akasema. "Shika moja moja."

Akamshikisha zote. Akatazama kama kidole kinaifikia triga bila kupindisha kiganja. Akamwambia anyooshe mikono mbele na akae hivyo mpaka achoke. Ile yangu ilimshusha mikono papo hapo. Nyingine kidole hakikufika. Akaja kwenye moja ndogo, nyeusi, haina pambo lolote, akaishika, akanyoosha mikono, na mikono haikushuka. Kocha akamwambia airudishe mezani.

"Hii sitaki kuirudisha," Rawan akasema.

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Hakuna aliyeniuliza.

2. Udogo wa bastola yenyewe.

Ni kitu ambacho, kama sheria ingeruhusu kitoke klabuni (hairuhusu, na hilo nalikubali), kingeingia kwenye mkoba wangu pamoja na miwani na bado ikabaki nafasi ya tende. Risasi yake ni kama kokwa ya tende hiyo hiyo. Mlio wake ni wa mtu anayevunja njugu. Nami nilikwisha waambia wanawake wa darsa kwamba mjukuu wangu atapiga bastola kubwa ya rangi ya fedha.

Nilipomweleza kocha juu ya jambo hili la darsa, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, ile kubwa inapiga teke. Mtoto akipigwa teke mwanzoni, anaanza kufumba macho kabla haijalia. Na akishaanza kufumba macho, kumfumbua ni kazi."

Nikamwambia katika ukoo wetu hajatokea mtu wa kufumba macho. Akatabasamu. Naomba tabasamu hilo nalo liandikwe.

3. Masomo yasiyo na risasi.

Majuma mazima mtoto alisimama mbele ya karatasi akibonyeza bastola tupu. Tik. Tik. Mimi nikiwa nyuma ya kioo nimefunikwa masikio nisisikie kitu ambacho hakikuwepo.

Alichokuwa akipewa badala ya risasi ni kanuni, na kanuni hizo alizibeba zote akaja nazo nyumbani. Mtutu uelekee mahali salama. Kidole kikae mbali na triga mpaka uwe umeamua. Ujue kilicho nyuma ya unachokilenga. Siku hizi nikikata vitunguu huku nikieleza jambo, naambiwa, "Bibi, kisu kielekee ubaoni." Jirani yetu Swafiya alikuja kula kwetu, akawa anasimulia huku akiinyooshea meza nzima uma. Rawan akaushusha mkono wa mgeni taratibu mpaka kwenye sahani. Swafiya akaisahau hadithi yake, nayo ilikuwa inakaribia kufika kwenye talaka. Mpaka leo hatujui ilikwishaje.

4. Hakunigombeza.

Hili ndilo zito kuliko yote.

Iko Jumamosi moja Kocha Harriet alikuwa na ruhusa. Zamu yake ilishikwa na Kocha Shem, kijana mwenye adabu ambaye hawezi kumkatalia mtu mzima, na mimi nililijua hilo nilipomwendea. Nikamwambia mtoto amekwisha iva, kilichobaki ni kumpa ile kubwa. Akasema bado. Nikamwambia mimi ndiye msimamizi, na kwamba nilikuwa Dubai kabla barabara ile iliyo nje ya klabu haijachorwa. Akasema basi, risasi moja tu, na yeye atasimama nyuma yake.

Rawan alinitazama kupitia kioo. Nikampa ishara ya kichwa: chukua.

Ilipolia, kioo kilitetemeka. Mikono ya mtoto ilikwenda juu, risasi ikaingia kwenye ukuta wa mchanga, mbali kabisa na karatasi. Aliiweka bastola mezani vizuri, mtutu mbele, kama alivyofundishwa. Kisha akageuka, na uso wake haukuwa na rangi. Kwenye teksi nilipomwuliza tupitie wapi tukale, akasema, "Popote."

Juma lililofuata alirudi kwenye bastola yake ndogo, na kabla ya kila risasi macho yake yakajifumba. Nilimwona kwa macho yangu mawili. Risasi zikawa zinapita chini ya karatasi, moja baada ya nyingine. Akaiweka bastola chini, akamwambia Kocha Harriet kwamba anafikiri hataki tena.

Kocha alikuwa amekwisha elezwa na Shem. Mimi nilijiandaa. Nilikuwa na majibu, Bwana Shakir, nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri, mengine makali. Akafungua mlango wa kioo, akaja mpaka kwenye benchi, akasema, "Mama, nakuhitaji huku ndani."

Basi. Hakuongeza kitu. Majibu yangu yote nimebaki nayo, na mtu wa umri wangu hatakiwi kubebeshwa majibu yasiyo na wa kumpa.

5. Benchi la nyuma ya kioo ni gumu. Hili halimhusu Harriet, lakini kwa kuwa nimekwisha anza kuandika.

6. Alinifanyisha kazi bila mshahara.

Nilipoingia huko ndani, aliifungua ile bastola ndogo, akanionyesha ndani yake, akanifanya nitie kidole kuhakikisha kwamba ni tupu. Akampa Rawan ailenge kwenye karatasi. Kisha akaniambia nisimame ubavuni, nitoe sarafu ya dirhamu moja, niilaze juu ya bastola karibu na ncha, nirudi nyuma. Rawan abonyeze triga bila kuiangusha sarafu.

Ikaanguka. Nikainama, nikaiokota, nikailaza tena. Ikaanguka. Magoti yangu daktari anayajua. Jumamosi nzima niliokota sarafu ile, na iliyofuata pia. Kocha hakumwambia mtoto asiogope. Alikuwa anasema tu, "Bonyeza polepole, kama hutaki bibi ainame." Na mtoto, kila sarafu ikianguka, anasema, "Samahani, Bibi," nami nasema, "Tena." Sikumbuki mara ya mwisho mimi na yeye kukaa karibu namna hiyo tukizungumza, hata kama maneno yalikuwa ni hayo mawili.

Ikafika wakati sarafu ikakaa. Tik, na sarafu iko pale pale. Tik, iko pale. Nikamwangalia usoni, nikaona macho yake yako wazi, makubwa, yanatazama mbele tu.

Kocha akatia risasi. Mimi nikarudishwa nyuma ya kioo, bila asante.

7. Matundu hayaonekani.

Kwenye mashindano ya vijana ya klabu, Rawan alipata nafasi ya pili. Risasi zake zote ziliingia kwenye ule mduara mweusi wa katikati. Nilipiga picha ya karatasi yake nikaituma kwenye kundi la wanawake wa darsa, na wote wakauliza, "Mbona karatasi haijapigwa?" Ile bastola kubwa ingeacha matundu ambayo hata mtu asiye na miwani angeyaona. Nililazimika kuwaandikia kila mmoja peke yake.

8. Matokeo nyumbani.

Juzi mwanangu Mohannad alimwuliza mtoto atakula nini. Alimwuliza kwa mazoea tu, mkono uko kwenye simu anaagiza kuku wa kila siku. Rawan akasema, "Nataka wali wa nazi na kamba. Na sitaki kwenda kwa Ami Junaid Ijumaa, nataka kwenda Deira kuwaona wenzangu."

Mohannad aliiweka simu chini. Mama yake, Ghada, aliyekuwa amelala sebuleni kutoka zamu, aliinuka akakaa. Mimi nilikwenda jikoni nikakaa huko kitambo, kwa sababu kamba nao wanataka kuoshwa.

Na tangu siku hiyo ana maoni. Ana maoni juu ya pazia, juu ya shule, juu ya chumvi yangu. Nyumba iliyokuwa inaendeshwa na mtu mmoja sasa inaendeshwa na wawili, na huyo wa pili hakuchaguliwa na mtu. Haya yote yameanzia kwenye meza yako, Bwana Shakir, kwa lile swali la "wewe unataka ipi?"

Kwa hivyo ninaomba yafuatayo. Kwanza, ile bastola kubwa ya rangi ya fedha itengwe kwa jina la familia yetu na ikae kabatini na kibandiko chetu. Hatutaigusa, lakini ijulikane. Pili, watoto wanaoanza wasiulizwe wanataka nini wakati bibi zao wapo. Tatu, Kocha Harriet aondolewe hapo, apelekwe klabu nyingine, na iwe mbali, ambako hakuna mjukuu wangu.

Sina zaidi. Nisalimie mkeo na watoto, na wazee wako wa Mombasa kama wangalipo, na yule dada wa mapokezi anayenipa maji bila kuombwa, na Kocha Shem, mwambie nimemsamehe. Salamu zako hapa zimefika kwa Mohannad na Ghada, ingawa hukuzituma.

Ni mimi, mwenye haki ya kulalamika,

Saleha binti Soud,
Silicon Oasis.

Baada ya kutia sahihi: Rawan ameingia sasa hivi, ameniona na kalamu, akanieleza habari ambayo sikuwa nayo. Anasema klabu moja ya Sharjah inamtaka Kocha Harriet, na yeye bado anafikiria. Bwana Shakir, usimwachie. Mpe anachotaka. Muulize anataka nini, ndivyo wafanyavyo watu wenye akili. Barua hii siiandiki upya kwa sababu mkono umechoka, lakini kila mahali nilipoandika "nalalamika" wewe soma "nashukuru", na ombi langu la tatu lichane. Lalamiko la benchi libaki. Na kama umechelewa, na amekwisha ondoka, nakuomba unipe jina la hiyo klabu ya Sharjah, kwa sababu Rawan amekwisha niuliza Jumamosi tutapanda basi gani, nami nimemwambia achague yeye.