Ombi la Kushushiwa Kiwango cha Homoni

Ndugu Mkuu wa Maabara, Kliniki ya Uzazi,

Kwa heshima na unyenyekevu, naomba kukutaarifu kwamba karatasi yenu ya majibu imehamia rasmi sebuleni kwetu. Mume wangu ameivalisha plastiki na kuitundika kati ya saa na kalenda. Inasema homoni yangu, ile inayoonyesha akiba ya mayai, ni nne nukta mbili. Malalamiko yangu ni haya:

1. Muuguzi wenu aliniambia, "Kwa namba hii, dada, anza tu kununua nepi." Hiyo ni miaka miwili sasa. Nepi zipo.

2. Mama mkwe, ambaye huvaa miwani kwa ajili ya karatasi hiyo peke yake, huwatajia wageni namba kabla hajawatajia jina langu.

3. Nimepandikizwa kiinitete mara mbili na mara zote mbili mimba haikushika. Karatasi haikulaumiwa. Mama mkwe aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, namba ipo. Sasa wewe unakwama wapi?" Tangu hapo natazamwa kama mwanafunzi mwenye akili anayefeli makusudi.

4. Kwenye benchi lenu nilikaa na mshonaji mmoja mwenye sifuri nukta tano. Daktari alimwambia ajiandae kwa lolote, watu wakampa pole, wakampa na kiti chenye mto. Juzi kanifuata hadi kazini, tumbo mbele, kuniomba radhi. "Samahani, dada," alisema, "hata mimi sijui imekuwaje." Nilimsamehe, ila si siku hiyo.

5. Mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la nafaka. Nimepima magunia miaka kumi na moja, na mizani haijawahi kuniambia kama mahindi ya ndani yataota. Inajua kilo tu. Nahisi na kipimo chenu kinajua wingi wa mayai, basi, yanayofuata hakiyajui. Kama mnalijua hilo, mbona hamkuliandika kwenye karatasi, nalo likavalishwa plastiki?

Kwa kuwa jaribio la tatu ni mwezi ujao, na daktari amesema ndilo la mwisho, naomba kiwango changu kishushwe rasmi, kwa muhuri, hadi moja na kitu. Wenye kidogo hakuna anayewauliza wanakwama wapi. Jaribio likishindwa, nami niachwe nilie kama watu wengine.

Nisalimie daktari, muuguzi wa nepi, na yule mfagizi anayetuhamisha benchi kila akipiga deki. Mume wangu anawasalimu, hajui nimeandika.

Ni mimi, mwenye homoni nyingi kuliko bahati,
Karani wa Mizani

N.B. Nikiwa natafuta bahasha, maabara yenu imenipigia simu: kipimo changu kipya, cha damu niliyotoa wiki iliyopita kwa ajili ya jaribio la tatu, ni moja nukta tisa. Nimeomba kirudiwe. Nimepangiwa Jumatatu, saa mbili asubuhi.