Malalamiko Juu ya Injini ya Chaki

Jumatatu, 8 Oktoba 1973
Mgongo umekufa. Mchana kutwa koleo hapa mgodini Musonoi, jioni kwa miguu hadi Manika, shule ya watu wazima, kozi ya umekanika. Miezi mitano sasa. Injini pekee tuliyoiona ni ile anayoichora mwalimu wetu Mukalay kwa chaki. Anaichora vizuri, sikatai. Lakini bila cheti sitoki kwenye koleo, na mchumba wangu Mwanvua kule Kasongo ameapa hapandi treni kumfuata mtu wa koleo. Nimepata akili: naishitaki shule. Wakiona aibu watanipa cheti ninyamaze.

Jumatano, 10 Oktoba
Ofisini kwa wakaguzi wa shule wanataka barua ya Kifaransa, nakala mbili, na sahihi. Mi Kifaransa changu kinaishia kwenye salamu. Anayejua cha ofisi ni mwalimu mwenyewe tu, tata Mukalay, baba yetu wa darasani. Nikamwambia ni ya shemeji yangu, anasoma shule ya mji wa Kisenge. Jina la shule aache wazi, atajaza mwenyewe. Akaandika kurasa mbili kwa uchungu. Akauliza huyo mwalimu wa Kisenge ni mtu wa namna gani. Nikatazama viatu. Jina la shule nimejaza, sahihi nimeikoroga isisomeke.

Alhamisi, 18 Oktoba
Mkaguzi amefika, Citoyen Kabeya, yaani Raia Kabeya, ndivyo tunavyoitana siku hizi. Kakagua ubao, daftari la mahudhurio, stoo. Stoo ina ufagio. Kisha akalinganisha barua na daftari la mwalimu: mwandiko mmoja. Akampa Mukalay mkono, akasema hajawahi kuona mwalimu anayejishitaki kwa ajili ya wanafunzi wake. Mukalay akaisoma barua. Akanitazama. Akajibu ni wajibu tu, Citoyen.
Tulipotoka akaniuliza shemeji hajambo. Nikasema anapata nafuu. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema ningemwambia ukweli angeiandika vilevile. Tangu Januari anamwomba mkuu wa shule injini.

Jumatatu, 5 Novemba
Uamuzi umebandikwa mlangoni: shule ina kosa. Injini ya lori imeletwa, inanuka mafuta kweli. Vyeti hakuna. Kozi inaanza upya, miezi sita, kisha mtihani wa mikono. Miezi sita! Nimeomba haki, wamenipa masomo. Mukalay kaniweka mbele kabisa, kanikabidhi spana kama mwanawe. Mtu mwema sana.
Kesho narudi ofisini kulalamika kwamba shule hii inafundisha kupita kiasi. Huyo Kabeya ana uso wa huruma. Nitamwomba aniandikie barua.