Homoni za Chupa

Ombati alikwenda zahanati ya shamba la chai kuomba dawa ya kikohozi, akatoka na kazi. Dirishani, Nesi Elmina alikuwa akimweleza nyapara Momanyi kwamba mkewe hajalogwa.

"Mama akishajifungua, homoni mwilini zinashuka ghafla, na roho inaanguka. Bitutu apumzike, umsaidie kazi, umlete nimwone kila wiki."

"Na dawa?"

"Ya chupa haiko."

Momanyi akatoka amenuna. Mwezi wa pili huo Bitutu analia tu, na nyapara ameapa: asipochangamka kufika Jumamosi, anamrudisha kwao Kisii na mtoto wake. Ombati alimwonea huruma, kweli kabisa, kwa hatua tatu hivi. Ya nne ilimpeleka kuazima koti jeupe la kinyozi wa Kapsoit.

Kesho yake akabisha hodi kwa Momanyi na chupa mkononi. "Daktari wa homoni! Za mama zilishuka, si ndiyo? Hizi zinapanda."

Momanyi akamtolea jogoo wake wa pekee, akaenda kazini anapiga mluzi.

Bitutu akaonja. Miaka sita amechuma majani ya chai. Nani wa kumdanganya?

"Daktari, hii ni chai ya strungi. Tena imelala."

Ombati akatafuta mlango kwa macho. Bitutu alikuwa ameuziba.

"Kila asubuhi naamka roho nzito, na sijui nalilia nini," alisema, machozi yakimtoka. "Nesi anajua. Lakini hakumtoza mume wangu kitu, kwa hivyo hamwamini. Wewe umemtoza jogoo. Utamwambia maneno ya nesi yote, ama niite majirani?"

Ole wake mjanja! Jioni Momanyi aliporudi, Ombati alisimama wima kama mhubiri.

"Dawa hii inaharibika mama akishika debe la maji ama nepi chafu. Mume ndiye anashika. Miezi mitatu! Na kwa nesi kila wiki, apime kama zinapanda."

"Ndiyo, daktari," alisema Momanyi, na kabla ya giza alikuwa mferejini anafua nepi.

Ombati akamnyemelea jogoo.

"Huyo anabaki," alisema Bitutu. "Mzazi anahitaji mchuzi."

Ombati akatoka mikono mitupu. Nje, wanawake watano walikuwa wamepanga foleni.

"Daktari," alisema Kemuma, mkubwa wao, "damu yangu ya mwezi ilikoma mwaka jana. Sasa nawaka hasira bure, silali, na mzee anasema nina pepo. Twende umwambie."

"Na malipo, mama?"

"Bitutu amesema unatibu bure."