Birika la Lugembe na Nyuzi Mia Moja

Jumanne, 15 Julai
Ifahamike kuanzia leo kwamba birika la nyumba hii si birika tena. Ni chombo cha sayansi. Koleta, mke wangu, kauliza chai itachemshiwa wapi. Nimemjibu kwamba maarifa yana gharama. Kasema sawa, asubuhi nitakunywa maarifa.

Sababu ni Daktari Najiat, mtafiti wa historia ya sayansi. Anaandaa maonyesho hapa Tabora. Anasema vitabu vimewasifu Wazungu walioshika kalamu, vikawasahau wapagazi waliobeba vipimo na kuvitumia. Anamtafuta mpagazi aliyekuwa akimchemshia maji Mzungu mmoja mpima nchi. Jina lake litaandikwa kwenye ubao. Jina moja tu!

Nimempa la babu wa baba yangu: Lugembe. Na birika lake. Kutu haikutosha, nimeiongeza kwa chumvi.

Jumatano, 16 Julai
Kumbe na Adinani! Fundi saa wa sokoni. Eti aliyechemsha ni babu yake. Kanisalimia kwa furaha. Mtu hafurahi hivyo bila mpango.

Daktari katuita wote wawili. Jumamosi kila mmoja achemshe maji mbele ya watu, apime joto, asimulie habari za ukoo wake. Katugawia vipimajoto. Akaeleza kirefu kwa nini yule Mzungu alichemsha maji kila kambi. Sikusikia. Nilikuwa naichunga mikono ya Adinani. Yeye alikuwa anasikiliza! Nani anasikiliza kwa makini hivyo kama hana jambo?

Alhamisi, 17 Julai
Jaribio la siri, jikoni. Shuleni tulifundishwa maji huchemka kwa nyuzi mia. Yametokota. Nikasoma: tisini na sita.

Adinani! Kakichezea kipimajoto changu. Vidude vidogo vidogo ndiyo kazi yake.

Nikaongeza mkaa. Tisini na sita. Maji ya bomba, ya kisima, ya chupa. Tisini na sita. Nikaazima kipimajoto cha jirani, Mwalimu Theodora. Tisini na sita. Kumbe na yeye yumo!

Koleta kasema, Baba Mhoja, huenda ni tisini na sita kweli. Mwanamke huyu kaishi na mimi miaka yote hii na bado anaamini macho yake.

Jumamosi, 19 Julai
Watu wengi. Adinani kasoma kwanza: tisini na sita. Nikacheka kwa sauti. Nikainamia birika, nikatangaza: mia kamili, kama alivyopima Lugembe!

Daktari kaeleza upya, polepole, kama anamweleza mtoto. Kadiri nchi inavyoinuka, maji huchemka kabla ya kufika mia. Ndivyo walivyojua wako juu kiasi gani. Mia ni pwani. Adinani kaniuliza mbele za watu: Bwana Hilari, umeishusha Tabora nzima mpaka baharini, samaki wako wapi? Koleta kacheka. Nimemsikia.

Angalau Daktari kamgeukia na Adinani, kamuuliza habari za kuchemsha kazipata kwa nani katika ukoo. Kakiri kazisikia kwa Daktari huyo huyo, Jumatano.

Jumatatu, 21 Julai
Ubao umewekwa. Unasema: "Kabla ya reli, wapagazi walibeba vipimo kwa miguu na kuchemsha maji yaliyopima nchi hii. Majina yao hayakuandikwa." Koleta kausoma mara mbili, kasema inauma.

Mimi nimefurahi. Hayakuandikwa! Basi nani atathibitisha kwamba Lugembe hakuwamo? Dai lisilopingika, hiyo ndiyo sayansi safi. Nimeagiza fulana: KITUKUU WA MPAGAZI. Na yale maji bado nayashuku.

Nimempigia shangazi Ng'washi, Kaliua, mkubwa wa ukoo wetu. Shikamoo, marahaba. Nikamwomba anisimulie, nami niandike, jinsi Lugembe alivyofika Tabora mara ya kwanza.

Alikuja na treni.